Utulivu wa Soko la Hisa Usitudanganye

Jiwe la msingi la bandari ya Bagamoyo liliwekwa Mbegani tarehe 16 Oktoba 2015, siku tisa kabla ya uchaguzi mkuu. Aliyeliweka, Rais Jakaya Kikwete, ni mzaliwa wa Msoga, katika wilaya hiyohiyo ya Bagamoyo, na alikuwa amebakiza majuma machache tu Ikulu. Makubaliano ya awali yalikuwa yametiwa saini Machi 2013, Rais Xi Jinping wa China alipozuru Dar es Salaam. Baadaye mfuko wa akiba wa serikali ya Oman ukaingia kuwa mshirika wa tatu, pamoja na serikali yetu na kampuni ya China Merchants. Gharama iliyokuwa ikitajwa ni dola za Marekani bilioni 10. Fedha nyingi kiasi hicho, ambazo zingehitaji miongo kadhaa kurudi, zilizinduliwa na uongozi uliokuwa na siku za kuhesabika.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwanzoni mwa 2016 mradi ukasimama. Juni 2019 Rais John Magufuli, akizungumza na wafanyabiashara Ikulu, alieleza masharti ambayo kwa maneno yake ni mwendawazimu tu angeyakubali: dhamana ya miaka 33, pango la ardhi la miaka 99, na katazo la kuendeleza bandari nyingine katika mwambao wetu. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kwamba mazungumzo yanafufuliwa. Hao ni marais watatu wenye misimamo mitatu, na wote watatu ni wa Chama Cha Mapinduzi.

Nalisisitiza hili la mwisho kwa makusudi. Vitabu tunavyowasomesha wanafunzi wetu vinaeleza hatari za kisiasa kana kwamba huletwa na mapinduzi ya kijeshi, vita vya wenyewe kwa wenyewe, au upinzani kuingia madarakani na kubatilisha kila kitu. Tanzania haijapata kuona lolote kati ya hayo tangu Muungano. Kwa vipimo hivyo sisi ni nchi salama kabisa. Hata hivyo mwekezaji aliyeziamini ahadi za 2013 alipata hasara ileile ambayo angeipata katika nchi iliyopinduliwa, bila risasi kulia na bila chama kubadilika.

Wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu, kila tunapolifikia somo hili, huuliza swali moja la haki: kama hatari hiyo ni kubwa kama unavyodai, mbona Soko la Hisa la Dar es Salaam halitikisiki? Fahirisi zake hupanda na kushuka kwa hatua fupi. Hatujapata kuona siku ya taharuki ambapo bei zinaporomoka na madalali wanapiga kelele. Jibu langu ni kwamba soko letu halitikisiki kwa sababu sehemu kubwa ya kile ambacho kingetikisika hakimo sokoni. Hatari za kisiasa hapa kwetu hazionekani katika bei. Zinaonekana katika kampuni ambazo hazikujiorodhesha, katika hisa ambazo mwenye nazo hapati wa kumuuzia, na katika mashamba ya Zinga na Mlingotini yaliyokaa miaka mingi yakisubiri fidia na bandari.

Tuanze na namna jambo lenyewe linavyofanya kazi. Bei ya hisa ni makadirio ya mapato yajayo, yakapunguzwa kwa kiasi cha wasiwasi alionao mnunuzi. Mapato yakibaki yaleyale na wasiwasi ukaongezeka, bei inashuka. Watu wa Bagamoyo hawakuhitaji mwalimu wa uchumi kulifahamu hilo. Katika karne ya 19 mji huo uliishi kwa misafara ya bara, na misafara iliendeshwa kwa mkopo. Matajiri kama Sewa Haji Paroo walitoa vitambaa, shanga na wapagazi kwa ahadi ya pembe ambazo bado zilikuwa mbali sana, ng'ambo ya Tabora. Mirambo alipopigana na Waarabu wa Unyanyembe kuanzia 1871 na njia kuu ikafungika, biashara iliyumba hadi Unguja, ingawa hakuna tembo aliyepungua porini. Mali ilikuwa palepale. Kilichobadilika ni uwezekano wa kuifikia. Hiyo ndiyo hatari ya kisiasa kwa maana yake kamili, na aliyetoa mkopo aliihesabu kabla hajafungua ghala.

Mwambao huu una mfano mwingine ulio wazi zaidi, nao unahusu kampuni yenye wanahisa. Tarehe 28 Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kuikodishia Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki usimamizi wa pwani na ushuru wa forodha kwa miaka 50. Mfalme wa Ujerumani mwenyewe alikuwa ameweka fedha zake katika kampuni hiyo. Mkataba ulikuwa halali kwa kila kipimo cha wanasheria wa Berlin. Agosti mwaka huohuo maofisa wa kampuni waliposhuka kupandisha bendera, pwani iliwaka. Abushiri bin Salim al-Harthi akaongoza upande wa Pangani na Bagamoyo, Bwana Heri akashika Saadani, na haikuchukua muda kampuni ikabakiwa na Bagamoyo na Dar es Salaam tu. Januari 1889 bunge la Ujerumani liliidhinisha alama milioni mbili, Hermann Wissmann akaja na askari, na Desemba Abushiri akanyongwa Pangani. Tarehe 1 Januari 1891 serikali ya Ujerumani ikachukua utawala kutoka kwa kampuni, kwa kuwa kampuni haikuwa na uwezo tena wa kuutekeleza.

Simwiti Abushiri mchambuzi wa masoko ya mitaji. Ninachokiona ni kwamba mkataba ulisainiwa Unguja na mtu mmoja, kwa niaba ya watu ambao hawakuulizwa, na thamani yake ikadumu kwa miezi minne. Wenye hisa wakaokolewa na kodi za wananchi wa Ujerumani. Miaka 125 baadaye tumesaini mkataba wa Bagamoyo ambao hadi leo mwananchi wa kawaida hajausoma.

Sasa tuje mwaka 2017, ambao kwa maoni yangu unafaa kusomwa peke yake katika kila kozi ya fedha nchini. Mwaka huo serikali ilifanya mambo mawili kwa wakati mmoja. La kwanza lilikuwa kuwaita wananchi sokoni. Sheria ya Fedha ya 2016 iliimarisha sharti kwamba kampuni za simu ziuze asilimia 25 ya hisa zao kwa umma kupitia soko la Dar es Salaam. Vodacom ikawa ya kwanza. Iliuza hisa milioni 560 kwa shilingi 850 kila moja, jumla ya shilingi bilioni 476, na hapo awali ziliruhusiwa kununuliwa na Watanzania pekee. Watu walihamasishwa: walimu, wauguzi, wafanyabiashara wadogo, watu ambao hawajawahi kumwona dalali wa hisa. Muda uliopangwa ukaisha, ukasogezwa hadi Mei, na bado hisa hazikwisha. Ikabidi masharti yalegezwe na wageni waruhusiwe, ndipo kampuni ikaorodheshwa tarehe 15 Agosti.

La pili lilikuwa makinikia. Tarehe 3 Machi serikali ilizuia kusafirishwa nje kwa mchanga wenye madini. Tarehe 24 Mei kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ikawasilisha ripoti yake hadharani, Waziri wa Nishati na Madini akaondolewa siku hiyohiyo, na tarehe 12 Juni kamati ya Profesa Nehemiah Osoro ikafuata. Julai kampuni ya Acacia ikapokea madai ya kodi, riba na adhabu ya dola bilioni 190, kiasi kilichouzidi uchumi wote wa taifa kwa mara kadhaa. Hisa za Acacia, zilizoorodheshwa London, zilipoteza zaidi ya robo ya thamani yake katika siku chache za Mei, na ziliendelea kuteremka.

Wengi wanasahau kwamba Acacia ilikuwa imeorodheshwa pia Dar es Salaam, tangu Desemba 2011. Ilikuwa kwenye ubao uleule ambao Vodacom ilikuwa ikielekea kuingia. Huku mwananchi anaambiwa anunue hisa kwa kuwa ni njia ya kumiliki uchumi wake. Huku, kwa matamko ya jukwaani yaliyorushwa moja kwa moja na televisheni, kampuni nyingine ya soko hilohilo inaonyeshwa kwamba thamani yake inaweza kuyeyuka mchana mmoja. Soko la Dar es Salaam halikutikisika, naam, kwa kuwa hisa za Acacia zilikuwa nadra kuuzwa na kununuliwa hapa. Waliotaka kuuza waliuzia London. Lakini tusijifanye kwamba mwenye shilingi laki nne za akiba, aliyekuwa akisitasita kuhusu Vodacom, hakuwa na televisheni nyumbani.

Kuna watakaosema natetea wanyonyaji. Hapana. Mikataba ya madini ya miaka ya 1990 iliwanufaisha wachimbaji kuliko ilivyolinufaisha taifa, na waliolilia jambo hilo kwa miaka ishirini hawakuwa wajinga. Mwisho wa mvutano huo, mwaka 2020, nchi ilipata asilimia 16 ya umiliki kupitia kampuni ya Twiga, mgawanyo wa nusu kwa nusu wa manufaa ya kiuchumi, na ahadi ya dola milioni 300. Ni mafanikio ambayo nisingependa yarudishwe nyuma. Lakini itazameni njia iliyotumika. Dai la dola bilioni 190 likamalizwa kwa dola milioni 300. Kama dai la kwanza lilikuwa sahihi, tumesamehe utajiri usiohesabika bila Bunge kulijadili ipasavyo. Kama halikuwa sahihi, chombo chetu cha kukusanya kodi kilitumika kama fimbo ya kutishia. Mwekezaji wa kesho, awe wa Toronto au wa Tabata, ataingiza katika hesabu zake uwezekano kwamba ankara ya kodi inaweza kuwa na uhusiano na siasa kuliko na vitabu vyake. Uwezekano huo una bei, nasi tunailipa katika kila mkopo na kila hisa inayouzwa. Acacia yenyewe ilimezwa na Barrick Septemba 2019 na ikaondoka sokoni. Hivyo ubao wa Dar es Salaam ukapungukiwa na jina moja, na huo ni mtikisiko ambao fahirisi haikuuonyesha.

Siasa haiji kila mara kwa kishindo. Safirini kwa barabara ya Bagamoyo kutoka Mwenge, mkifika Tegeta mtaona kilima cha Wazo na kiwanda cha saruji cha Twiga, kampuni iliyoorodheshwa sokoni tangu 2006. Oktoba 2021 ilitangazwa kwamba Scancem, mwenye hisa nyingi katika Twiga, atanunua asilimia 68.33 ya Tanga Cement, kampuni nyingine iliyo katika soko hilohilo. Aprili 2022 Tume ya Ushindani ikaridhia. Kampuni ya Chalinze na watetezi wa walaji wakakata rufaa, na Septemba 2022 Baraza la Ushindani likabatilisha uamuzi wa Tume. Maombi yakaja upya, ubishi ukafika hadi bungeni, mwishowe ununuzi ukapita. Na kabla wino haujakauka, mwaka 2024 hisa hizo zikahamia mikononi mwa kampuni ya Amsons. Sina ugomvi na Baraza. Chombo cha rufaa kinapobatilisha uamuzi wa mamlaka ya chini kinafanya kazi yake. Ninachowafikiria ni wenye hisa wachache wa Tanga Cement waliokaa kwa miaka miwili na zaidi bila kujua bei ya kuuzia, mnunuzi ni nani, wala sheria ya ukomo wa soko itasomwaje. Hakuna aliyewaeleza chochote zaidi ya matangazo mafupi magazetini. Mashaka ya namna hii, yasiyo na kelele, ndiyo yanayomfanya mtu aweke fedha zake katika kiwanja cha Kerege badala ya hisa. Kiwanja akiulizwa atakijibia mwenyewe.

Hata kiwanja, hata hivyo. Tuvuke Bagamoyo mjini tuelekee kaskazini, ng'ambo ya mto Ruvu, kwenye ardhi ambayo wenyeji bado wanaiita RAZABA, yaani Ranchi ya Zanzibar Bagamoyo. Wawekezaji wa Sweden kupitia kampuni ya EcoEnergy walipewa zaidi ya hekta 20,000 za kulima miwa. Mradi ulipigiwa debe na serikali yenyewe; ulipingwa na baadhi ya wanakijiji na wafugaji waliokuwa wakiitumia ardhi hiyo, pamoja na mashirika yaliyowatetea. Mwaka 2016 serikali ikafuta hati. Sababu zilizotolewa zilikuwa Hifadhi ya Taifa ya Saadani na maji ya mto Wami, sababu nzito ambazo, kusema kweli, zilikuwa nzito vilevile siku hati ilipotolewa. Wanyama wa Saadani hawakuhamia pale 2016.

Kampuni ikaenda kwenye kituo cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji kilicho chini ya Benki ya Dunia. Aprili 2022 tukaamriwa kulipa dola milioni 165. Hatukulipa mara moja, na Desemba mwaka huo ndege ya Airbus A220 ya Shirika la Ndege Tanzania, iliyokuwa Uholanzi, ikazuiliwa kwa ajili ya deni hilo. Baadaye pande mbili zikamalizana. Ardhi nayo, sehemu yake, ikaenda kwa kampuni ya Bakhresa, na leo sukari ya Bagamoyo imo madukani. Ni jambo la kufurahisha kuona miwa imeota na vijana wa Makurunge wamepata vibarua. Ila katika hesabu ya faida ya kiwanda hicho, serikali haina budi kutoa gharama ya shauri lile, na gharama hiyo haikulipwa na waziri aliyetoa hati wala na aliyeifuta. Imelipwa na mfuko uleule unaonunua dawa za zahanati.

Na tujiulize: kwa nini kiwanda kikubwa namna hiyo, na vingine vya aina yake, havimo katika soko la hisa? Mwenye kiwanda binafsi hana sababu ya kutoa hesabu zake hadharani katika mazingira ambayo hesabu nzuri zinaweza kumletea wageni wasioalikwa. Kukaa kimya ni ulinzi. Tangu lango lifunguliwe Aprili 1998 kwa hisa za TOL, kampuni za hiari zimekuja kwa kudondoka. Wengi waliokuja walisukumwa na sheria, kama kampuni za simu, au walitokana na ubinafsishaji, kama bia, sigara, saruji na benki ya NMB. Soko linalojazwa kwa amri na kwa mali iliyokuwa ya umma haliwezi kuwa kioo cha uchumi mzima.

Kioo nacho huhitaji mwanga. Septemba 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa ikafanya kuwa kosa kutangaza takwimu zinazopingana na za serikali. Baada ya malalamiko ya ndani na nje ikalegezwa 2019. Aprili mwaka huohuo wa 2019 Shirika la Fedha la Kimataifa lilieleza kwamba serikali haikuridhia kuchapishwa kwa ripoti yake kuhusu uchumi wetu. Watumishi wa umma wanaosoma hapa wanajua zaidi yangu jinsi miaka ile ilivyokuwa ofisini, namna namba zilivyoshikwa kwa vidole viwili kama kaa la moto. Bei ya hisa inatengenezwa kwa habari. Ukizuia habari hukuzuia bei kushuka. Umewazuia watu kujua bei halisi ni ipi, na anayejua ni yule aliye karibu na meza kuu.

Watu hupenda kuitaja Kenya kama mfano wa soko linaloyumbishwa na siasa, nao hawakosei. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 damu ilimwagika na Soko la Nairobi likaanguka. Tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilipobatilisha uchaguzi wa rais, bei ziliporomoka mpaka biashara ikasimamishwa kwa muda. Lakini fuatilieni hadithi hadi mwisho. Mapatano ya Kibaki na Raila yalisainiwa tarehe 28 Februari 2008. Mwezi mmoja baadaye serikali ilianza kuuza hisa bilioni 10 za Safaricom kwa shilingi 5 za Kenya, na maombi yalizidi hisa zilizokuwapo mara kadhaa. Na mwaka 2017, kilichowashtua wenye fedha asubuhi ya hukumu ndicho kilichowatuliza miezi iliyofuata: kumbe mahakama inaweza kumwambia rais hapana, na rais akatii. Soko la Nairobi lilipiga ukelele, likaambiwa sababu, likapona. Mimi naliona soko linalopiga ukelele kuwa na afya kuliko lililonyamaza, kama vile mama wa mtoto mchanga anavyoogopa zaidi ukimya kuliko kilio.

Simaanishi kwamba tuombe machafuko ili tuwe na soko changamfu. Namaanisha kwamba neno "amani na utulivu", tunalolirudia katika kila hotuba kwa wawekezaji, limefunika mambo mawili tofauti. Kuna utulivu wa mitaa, ambao tumejaliwa kwa kiasi kikubwa. Na kuna utulivu wa maamuzi, yaani hakika kwamba kilichoamuliwa kwa utaratibu hakitafutwa bila utaratibu. Huu wa pili hatuna. Tozo za miamala ya simu za Julai 2021 ni kielelezo kidogo tu: zilianza kutozwa tarehe 15, zikapunguzwa Septemba, zikapunguzwa tena mwaka uliofuata, na kati ya hapo mapato ya M-Pesa ya Vodacom yakashuka. Yule mwalimu aliyenunua hisa kwa shilingi 850 kwa wito wa serikali alipigwa mara mbili na serikali hiyohiyo, kama mtumaji wa fedha na kama mwenye hisa.

Hapa ndipo ningependa watumishi wa umma wasisome kama watazamaji. Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma ni miongoni mwa wenyehisa wakubwa wa kampuni zilizo sokoni, ikiwamo benki ya CRDB. Wengi wenu mna vipande vya UTT. Mnapoandaa waraka wa kufuta leseni, au kanuni inayoanza kutumika kesho asubuhi, mnahesabu pensheni zenu wenyewe. Nanyi wanaharakati, ambao mara nyingi nakubaliana nanyi: mjadala wa bandari wa 2023 kuhusu DP World ulionyesha kwamba wananchi wana hamu na uwezo wa kusoma mkataba kifungu kwa kifungu pale unapowafikia. Ulionyesha pia kwamba kuna waliokamatwa kwa kuusoma kwa sauti. Kukamata wasomaji hakukupunguza hatari ya mradi ule hata kidogo. Kuliongeza wale watakaosubiri siku yao kuufuta.

Kwa hiyo sidai serikali iache kujadili upya mikataba mibaya. Sheria mbili za mali asili za 2017 zinalipa Bunge mamlaka ya kuipitia mikataba, na wazo lenyewe ni jema. Nadai mkataba upite bungeni ukiwa mzima, na uchapishwe kabla jiwe la msingi halijawekwa. Nadai pia mradi wowote unaozidi muhula mmoja wa urais usizinduliwe katika miezi sita ya mwisho wa muhula huo. Sharti hili la pili litawaudhi wanasiasa wote bila kubagua vyama, na ndiyo maana nalipenda.

Kuhusu Bagamoyo yenyewe, tangu 2021 tumesikia matangazo ya kila namna. Kabla ya tangazo jingine, upo mkataba wa 2013. Kama masharti aliyoyataja hayati Magufuli yalikuwamo, tuyaone, ili tumpe heshima yake kwa kuyakataa na tuwaulize waliyoyakubali. Kama hayakuwamo, tuelezwe miaka ile ilipotea kwa sababu gani. Na katika vijiji vya Zinga, Pande, Kondo na Mlingotini wapo watu waliothaminiwa ardhi na minazi yao kwa ajili ya ukanda maalumu wa uchumi, wakakaa wakisubiri, huku wakisita kujenga nyumba ya kudumu au kupanda mnazi mpya kwenye ardhi waliyoambiwa si yao tena. Hawamo katika fahirisi yoyote. Orodha ya waliolipwa, kiasi walicholipwa na wasiolipwa hadi leo inaweza kubandikwa katika ofisi za vijiji hivyo wiki ijayo, pasipo kumsubiri China Merchants wala Oman.